Mishumaa ya Mama Emi

Jumatano, 1 Desemba 1982

Maharage yamezidi chumvi. Mara ya pili wiki hii. Mama Emi alionja, akaweka kijiko chini, akanionyesha kapu la viazi kwa mkono wa kushoto. Sikuelewa. Akaonyesha tena. Nikamenya kiazi, nikakitumbukiza kizima, nikaacha kichemke. Chumvi ikapungua. Miaka thelathini na moja ya ndoa na hilo sikulijua.

Wiki ya saba tangu kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Mguu unaburuta. Maneno yanatoka moja moja, mengine yamepinda. Binti yetu Emiliana yuko Arusha, ana pacha wachanga, hawezi kuja. Kwa hiyo ni mimi. Mwalimu mstaafu, na mwiko.

Naandika mchana. Mafuta ya taa hayajaonekana dukani tangu Oktoba.

Ijumaa, 3 Desemba

Ukungu hadi saa tano. Kuni mbichi. Moshi.

Niliyojifunza wiki hii, nisije nikayasahau. Maharage ya akiba yachanganywe na majivu, wadudu hawayagusi. Sufuria iliyoungua ilowekwe, isikwanguliwe kwa kisu. Kibuyu cha maziwa kifukizwe kwa kijinga cha mzeituni wa porini kabla ya kukamua, si baada. Sabuni hakuna, magadi yanafua mashuka vizuri, ila yanachubua vidole. Vyangu vimechubuka.

Mama Safari, jirani yetu wa bondeni, huja asubuhi kumwogesha mke wangu. Mimi hataki nimwogeshe. Ni haya, nafikiri.

Jumatatu, 6 Desemba

Nimemwandalia mazoezi. Maneno kumi kila asubuhi. Kikombe. Kijiko. Dirisha. Anasema, namsahihisha, anarudia. Dirisha linamshinda, anasema "dishira". Leo tumelirudia mara kumi na tano. Mwishoni alifumba macho na mdomo. Nikamwambia bila mazoezi hatapona. Nilisema kwa sauti ya juu kidogo.

Nimefundisha watoto wa hapa Mbulumbulu kusoma, baadaye na watoto wao. Kazi yangu naijua.

Mgongo unauma. Maji ni safari tatu kwa siku.

Jumatano, 8 Desemba

Leo alitamka neno bila kuombwa. "Nta."

Akaonyesha uvunguni. Kuna donge la nta ya nyuki kubwa kama kichwa cha mtoto, limefungwa kwenye gunia. Nikakumbuka. Kila Krismasi Mama Emi hutengeneza mishumaa sita, mmoja kwa kila mama wa jumuiya yetu. Miaka yote nimeiona mezani imepangwa, sijawahi kuuliza inatengenezwaje. Na mwaka huu wa giza, mshumaa ni zawadi kubwa kuliko kitenge.

Nikamwambia watu wataelewa, anaumwa. Akageukia ukutani. Siku nzima hakunitazama.

Haya. Nitatengeneza mimi. Muda sina, lakini nitatengeneza.

Jumatatu, 13 Desemba

Barua kutoka Mang'ola. Ya shemeji Daniel, kaka yake Mama Emi, mkulima wa vitunguu. Ameandika hivi: amesikia hali ya dada yake, baridi ya huku juu haimfai, tarehe 27 atapanda na lori la vitunguu, atamchukua. Hakuomba. Ametangaza.

Nani kamwambia? Mimi sikumwandikia. Niliona aibu.

Nimemsomea mke wangu barua. Alitazama nje kwenye ukungu.

Nimekasirika. Nafua, napika, nakamua, nabeba maji. Halafu mtu anakuja kumchukua kama mzigo uliosahauliwa stoo.

Alhamisi, 16 Desemba

Sina la kuandika. Nimechoka hadi meno.

Jumamosi, 18 Desemba

Mwanzi nimepewa na mume wa Mama Safari, aliukata mlimani. Nimekata vipande sita, nikavipasua kwa urefu, nikavifunga tena kwa kamba, chini nikaziba kwa udongo wa mfinyanzi. Tambi nimesokota kwa uzi wa pamba. Mama Emi alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akiangalia. Hadi hapo alikuwa ameridhika, nadhani.

Kisha akasema, "Maji. Maji." Nikamletea maji ya kunywa. Akasukuma kikombe. Nikamwambia aseme sentensi kamili.

Nikaweka kopo la nta moja kwa moja juu ya moto. Likafurika ghafla, likashika moto. Mwali ukapanda karibu na paa, na paa la jiko ni la nyasi. Nikalipiga kopo teke. Nta ikanimwagikia mguuni. Nusu ya donge imepotelea majivuni.

Nilipiga kelele. Nilimwambia haya yote ni kwa ajili yake, na madai yake hayaishi. Nilisema na mengine ambayo siandiki hapa. Alilia. Upande mmoja wa uso unalia, mwingine umetulia tu. Sijawahi kuona kitu kibaya kama hicho.

Maji. Alitaka kopo likae ndani ya sufuria ya maji, ndiyo nta iyeyuke polepole. Nimeelewa saa nzima baadaye.

Jumapili, 19 Desemba

Sikwenda kanisani. Mguu umevimba. Uongo. Ningeweza kwenda.

Jumanne, 21 Desemba

Mama Safari alikuja kunifunga mguu kwa kitambaa. Aliinama akifunga, hakuinua uso. Akasema, "Mwalimu, barua ya Mang'ola niliandika mimi."

Huyu nilimshikisha kalamu mwenyewe, darasa la watu wazima. Alikuwa hajui hata a. Nilimpongeza mbele ya kijiji kizima siku aliposoma ukurasa wake wa kwanza. Nikamuuliza nani kamruhusu kuingilia nyumba ya watu.

Akajibu Mama Emi, kutoka kitandani.

"Nilimtuma mimi."

Alikuwa hajamaliza. Ilichukua muda, na safari hii sikumsaidia neno hata moja.

"Unanifundisha. Kila siku. Mimi si darasa la kwanza."

Mama Safari alishika mtungi wake akatoka. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mke wangu akavuta pumzi, akasema lililobaki.

"Ugonjwa haujanichosha. Wewe."

Sijapika. Tumekunywa maziwa.

Jumatano, 22 Desemba

Hakuna mazoezi. Nimechana ile karatasi ya maneno kumi. Nilidhani nitajisikia vizuri. Najisikia mjinga. Wiki zote hizi nilijihurumia mimi, nikaita hiyo kazi.

Alhamisi, 23 Desemba

Nilimuuliza kama tujaribu tena mishumaa. Akafikiri. Akaitikia kwa kichwa.

Aliniongoza kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayeswaga ng'ombe. Sufuria ya maji, kopo ndani yake. Nta ikayeyuka bila fujo, harufu ikajaa jikoni. Mianzi tukaisuuza ndani kwa maji ili nta isigande kwenye kuta. Utambi tukaufunga kwenye kijiti juu, ukavutwa chini ukakaa wima. Aliushika mwanzi mmoja kwa mkono wake mzima muda wote niliokuwa namimina. Hakuuachia.

Nta imetosha mishumaa minne tu. Tulipofungua mianzi, mmoja umenyooka. Mwingine umekaa kama umelewa pombe ya mtama. Wa tatu una kitambi. Mama Emi aliutazama huo wa tatu, kisha akanitazama mimi tumboni. Akacheka. Kicheko kilekile cha zamani, hakijapooza hata kidogo. Nikatoka nje, asinione machozi, kukamata kuku ambaye hakuwepo.

Jumamosi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua nyembamba.

Minne kwa watu sita. Nikamuuliza tufanyeje. Akaonyesha kisu. Nimeikata miwili mirefu, ikawa sita. Mifupi, lakini sita. Nikaifunga kwa majani makavu ya mgomba.

Nimetembea nyumba hadi nyumba na mguu wangu mbovu. Wanawake walitoka milangoni, wakashangaa kuniona mimi. Mmoja alibusu mshumaa. Wa mwisho alikuwa Mama Safari. Nilimwambia barua aliiandika vizuri. Akasema, "Nilifundishwa na mkali." Tukacheka wote, kwa tabu kidogo.

Nyumbani nimekuta Mama Emi amevaa kitenge chake kipya, amejivalisha mwenyewe, kimepinda. Sikukinyoosha.

Bado keshokutwa. Hatujalizungumza.

Jumatatu, 27 Desemba

Lori lilifika saa nne. Daniel alishuka, akanisalimia kwa heshima, shikamoo shemeji, mguu una nini. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye. Hakunipa nafasi.

Nilitaka kumwomba Mama Emi abaki. Nilikuwa na sababu nzuri, nimezipanga tangu alfajiri. Nikaona zote ni za kwangu. Nikambeba hadi kwenye kiti cha mbele. Ni mwepesi kuliko nilivyofikiri. Nikamfunika miguu.

"Kula," aliniambia. Basi.

Nilisimama barabarani hadi sauti ya lori ikaisha. Kisha nikaenda kuchota maji, ndoo moja. Nyingine za nini?

Jumatano, 29 Desemba

Nimepika maharage. Chumvi sawasawa. Nimekula vijiko vitatu.

Jumapili, 2 Januari 1983

Baada ya ibada nilimwambia mzee wa kanisa kwamba nafikiri kumfuata mke wangu. Akanicheka, si kwa ubaya. "Mwalimu, mwanamume haendi kukaa ukweni. Utakuwa unaomba maji ya kunywa kwa mashemeji." Waliokuwa karibu walisikia. Nikacheka nao.

Nimerudi njia nzima nikiona aibu kwamba nilicheka.

Jumatatu, 3 Januari

Ng'ombe wawili nimewapeleka kwa Mama Safari. Maziwa ni yao hadi nirudi. Akauliza nitarudi lini. Nikasema sijui. Alinipa kibuyu cha mtindi wa njiani.

Jumanne, 4 Januari

Kwa miguu hadi Karatu, kidonda kimefunguka. Nimepata lori la vitunguu mchana. Dereva akauliza nina biashara gani Mang'ola. Nimesema sina. Barabara inashuka, koti nalivua, sweta nalivua. Vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nilitaka kushuka mara mbili nirudi.

Daniel alinikuta kwenye geti la miba. Akachukua mzigo wangu. Mama Emi alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliniangalia muda mrefu. Hakutabasamu. Akasogea kidogo, pakawa na nafasi.

Jumapili, 9 Januari

Joto. Siku ya sita hapa. Nalala chumba cha magunia, na panya wake. Asubuhi nakata majani ya vitunguu pamoja na vibarua wanawake. Nakata vibaya, wananisema kwa Kiiraqw wakidhani sisikii. Macho yanawasha siku nzima.

Mama Emi anatembea na fimbo hadi kwenye mfereji, polepole. Leo nilimfuata hatua chache nyuma. Hakuniita, hakunifukuza. Tukakaa ukingoni, miguu ndani ya maji. Aliongea. Mengine sikuyapata. Nilisikiliza tu, maji yanapita.

Wakati wa kula Daniel aliniuliza nitakaa hadi lini. Swali la haki, nyumba ni yake.

Mama Emi akameza tonge lake. Akasema, "Yupo."

Daniel akaniongezea mboga.