Balbu ya Chooni

Dada, upo? Acha unachofanya.

Ule ukumbi mdogo wa chuo, ambao mkuu aliniahidi ajira nikiufungia umeme vizuri, umezinduliwa leo. Umezima.

Nilimwambia tuunganishe balbu sambamba, kila moja na njia yake, ili moja ikiungua zingine ziendelee. Akasema, “Mwanangu, hapa tunafanya kazi kwa umoja. Zifuate mstari mmoja.”

Mstari mmoja, dada. Balbu tatu za ukumbini na moja ya chooni, nne zinagawana umeme. Zikawa zinawaka kama zina usingizi.

Basi mapazia yamefungwa, mkuu yuko jukwaani anahubiri mshikamano, balbu ya chooni ikaungua. Ya chooni. Giza ukumbi mzima.

Akauliza, “Nani amezima?”

Nikajibu kwa moyo safi, “Hakuna aliyezima, mkuu. Ni umoja.”

Wageni walicheka.

Baadaye mkuu kaniita: “Kesho zifunge unavyotaka wewe. Kazi umepata.” Nusura nilie.

Kumbe barua yangu ya ajira inahitaji saini saba, kila mtu anamsubiri aliyemtangulia.

Wa tatu yuko likizo ya uzazi.