Pete za Fidelis

Mwahija, epua hicho chungu usome.

Si nilimpa Fidelis mishale yangu sita ya kaboni aivishe pete za alumini kwenye ncha, isipasuke kwa haya mazoezi ya kila siku? Jana kanirudishia inang'aa. Nikamtania, "Kaka, hii mishale au maharusi?"

Leo uwanjani nikaukunja mmoja kidogo kabla ya kupiga, kama alivyonifundisha mwenyewe. Ukalia kra! Nikaing'oa pete. Chini yake ufa!

Wa pili, kra. Wa tatu. Yote sita, shoga. YOTE!

Na mshale wenye ufa unapasukia mkononi, yeye ndiye aliyeniambia!

Nikamgeukia Fidelis. "Hii si yangu, yangu ilikuwa mizima. Mishale yangu iko wapi?"

Hata hakuinamisha uso. "Restuta, ile mizima nimempa Angela. Yeye ana mchujo wa mkoa. Wewe unapiga kujifurahisha tu."

Kujifurahisha! Miaka minne mimi na Fidelis tunalenga magunia pamoja pale Mtanda, Mwahija. Kujifurahisha!

Nikacheka, unanijua.

Kicheko kimekatika nilipokumbuka kwamba nilivyoshika upinde tu, Fidelis alirudi nyuma hatua tatu.