Waya Wako Nimeukata

Baba,

Wanawake hatukufika makaburini siku uliyozikwa, kwa hivyo nlilokuwa nalo moyoni nlibaki nalo nyumbani. Ami Seif aliposimama uani akaomba kila mwenye kinyongo na marehemu ndugu yake amsamehe, watu wakaitikia: tumesamehe, tumesamehe. Mie nlikuwa ndani na kina mama, nasikia. Sikuitikia. Leo nnakuandikia ujue kwa nini.

Ndege sikuiangusha mie.

Umesikia? Jumapili ile kule Fumba ulinipa rimoti mbele ya marafiki zako wote. Ndege yako ya umeme, ile uliyoichonga kwa maboksi meupe ya barafu ya wauza samaki wa Darajani, ikapanda vizuri. Ilipofika juu ya vichaka ikaacha kunisikia. Navuta kushoto, yenyewe yaenda kulia. Navuta tena, haina habari na mie. Ikajibwaga kwenye mawe. Nawe, bila hata kuniuliza, ukasema, "Vidole vyako vizito, mwanangu." Watu wakacheka. Ukayarudia maneno hayo barazani, ukayarudia dukani, na siku ya nne presha ikakuchukua yangali mdomoni. Iliniuma, Baba. Inaniuma mpaka sasa.

Tangu uondoke, hilo ndo limekuwa jina langu pale dukani kwako Mlandege. Ami anataka benchi lako la ufundi limpishe muuza makava ya simu. Ati hawezi kumwachia redio za watu mwenye vidole vizito. Na nani kasema? Kasema baba yake mwenyewe. Miaka kumi na moja nimekaa pembeni yako nikilehemu, na neno lako moja limeifuta yote.

Nkasema hayaishi hivi. Nliiunga ndege kwa gundi, nkamwambia Ami, njoo ushuhudie, nikishindwa benchi chukua. Nlimshikisha ndege kiwanjani, nkaipunguza nguvu rimoti kwa makusudi kama tulivyokuwa tukipima siku zote isipokuwa Jumapili ile, nkaanza kurudi nyuma huku nautikisa mkia wa ndege kutoka mbali. Kwa nguvu hiyo ndogo, ndege isiyo na kasoro yatakiwa isikie mpaka hatua thelathini. Hatua ya tisa mkia ukasimama, Ami akapiga kelele: haisikii! Nkabadilisha betri. Tisa. Nkaihamisha risiva, kile kidude kinachopokea amri za rimoti, nkaiweka mbali na nyaya za mota. Kumi na moja. Ami keshaanza kutabasamu, unamjua anavyotabasamu.

Nkaifungua risiva. Lo! Kazi yako naijua hata nikifumba macho: tone dogo la risasi ya kulehemu, linang'aa, halina pembe. Kile kiwaya cha eriali, ambacho hata kidole hakikizidi, umekiunga na waya mwengine mrefu kama mkono, ukaupitisha mpaka mkiani. "Eriali ndefu ndo inayosikia mbali." Nlikuwa na miaka saba ulipoanza kuniambia hayo. Na ni kweli, kwa zile redio zako za mbao zilizokuwa zikikamata stesheni za Maskati. Kwa hizi si kweli, Baba. Mawimbi yake mafupi mno, na eriali yake imekatwa kwa kipimo. Ukiirefusha unaitia uziwi. Hukuniuliza. Fundi gani wa redio atamuuliza bintiye habari za eriali?

Nkachukua koleo lako mwenyewe nkaukata waya pale pale ulipounga.

Hatua kumi, inasikia. Ishirini. Thelathini. Arobaini, nshafika ukutani, hapana tena pa kurudi, na Ami kule anapiga kelele yasikia, yasikia, kasahau kama alitaka nishindwe! Nkakaa chini nkalia. Nlikulilia weye, na wallahi nlikugombeza pia.

Juzi nimeirusha Fumba, mbele ya watu wale wale. Ikavipita vile vichaka, ikageuka nlipoitaka igeuke, ikanirudia mpaka miguuni. Hakucheka mtu. Nkawaambia wazi kwamba baba yangu alikosea, na kwamba vidole hivi kavifundisha yeye. Ami aliyasikia yote mawili.

Benchi halimpishi mtu. Asubuhi hii nimefungua duka, na redio ya Bi Salma, yule jirani yetu, iko mbele yangu wazi. Nakuahidi risasi yangu itang'aa kama ulivyonifundisha, na sitamwambia mtu kakosea kabla sijapima mwenyewe.

Na lile neno nlilokunyima siku ile, lipokee leo: nshakusamehe, Baba. Mungu akulaze pema. Nawe niwie radhi kwa waya wako.

Ila siurudishi.