Kalkulasi Iliyofutwa kwenye Fomu Yangu

Rispah! Nimetoka chuoni sasa hivi.

Clifford, yule mshauri wa masomo, amefuta Kalkulasi kwenye fomu yangu akaweka Hesabu za Biashara. Bila kuniuliza!

Nikamwambia, "Chuo kikuu hakinipokei kusomea Fizikia bila Kalkulasi. Nikiikosa muhula huu, nangoja mwaka mzima."

Unajua alinijibu nini? "Madam, una mtoto mchanga na kazi ya zamu. Nimekuonea huruma."

Huruma! Rispah, HURUMA! Mbele ya foleni nzima.

Nikamuuliza, "Na Ronnie hapa nyuma yangu, askari wa geti mwenye watoto watatu, umemfutia nini?"

Ronnie mwenyewe akasema, "Mimi hajanigusa, dada."

Clifford akaanza, "Khalas, yaishe, usajili unafungwa saa kumi na mbili." Na zilibaki dakika kumi nzima!

Nikamfungua mwanangu Daisy mgongoni, nikamweka mapajani mwa Clifford. "Basi kwa hiyo huruma yako, mshike huyu nijaze fomu nyingine."

Amemshika, mami! Nimeandika KALKULASI kwa herufi kubwa, na sahihi ameitia kwa mkono mmoja, Daisy anamvuta tai.