Mistari ya Zambarau Kifuani mwa Wandera

Mundika, Jumapili, Mei 1969

Mvua tangu alfajiri. Nimechoka. Neno hilo nimeliandika kila siku wiki hii, na leo sioni jingine la kuweka mahali pake.

Mume wangu Wandera amelala. Anakohoa, ananyamaza, anakohoa tena. Ameendesha lori miaka mingi kati ya Mombasa na Kampala, sigara haitoki mdomoni, na sasa ana saratani ya pafu la kushoto. Dawa ya kwanza, ile ya kuchomwa mshipani, ilimtapisha, akakonda mpaka nikaweza kumbeba mwenyewe, na uvimbe ukapungua kidogo tu. Ndipo Nairobi wakampeleka kwenye mashine ya mionzi.

Kabla ya kuanza, daktari alimchora kwa rangi ya zambarau: mraba kifuani, mwingine mgongoni. Akaniambia mionzi inapita ndani ya mraba huo tu, na kando yake kidogo ni moyo. Wakampiga mionzi wiki mbili, wakamrudisha nyumbani apumzike wiki mbili, kisha akamalizie. Onyo lilikuwa moja: mistari isiguswe na maji.

Mimi ni fundi cherehani. Thamani ya mstari sifundishwi na mtu. Siku kumi na mbili nimempangusa kwa kitambaa kibichi, shingo, kwapa, tumbo, nikiuzunguka ule mraba kama anayefagia uwanja wenye vifaranga. Wageni walisikia harufu. Hata mimi niliisikia.

Leo nilienda kanisani. Kwa muda wa saa mbili tu.

Mama mkwe akafika kutoka Funyula nikiwa huko. Alipomkuta mwanawe katika hali ile, alichemsha maji, akamkalisha kwenye kigoda na kumsugua kwa sabuni na dodoki kama alivyomwosha utotoni. Nilipoingia alikuwa anamkausha, uso umemchangamka.

"Mtoto yangu ilikuwa chafu kama mwanaume haina bibi," akaniambia. Yeye ni Msamia, mimi Mteso wa Kocholia, kwa hiyo tunagombana kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Hata ile marangi yote imetoka."

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mama mkwe kelele, na sijui nitatembeaje na aibu hiyo. Lakini nilipomweleza mistari ilikuwa ya kazi gani, aliketi sakafuni na dodoki lake mkononi, akalia. Nikamhurumia, lakini hasira haikuisha.

Nikamgeukia Wandera. Yeye alijua. Mbona hakumzuia?

"Mama amechemsha maji," akasema. "Nimwambie toka na maji yako? Nikikufa kesho, si atabaki na hiyo maneno?"

 Huku maji ya mama hayakataliwi.

Sasa nikiri kilichonikalisha na daftari hili.

Kabatini nina chupa ya dawa ya zambarau ya zahanati, niliyompaka binti yetu Nabwire vidonda vya mdomo. Rangi ni ileile. Na mraba ule naukumbuka, inchi tano kwa tano. Kesho kutwa tunapanda treni Malaba. Kule Nairobi mashine ni moja na wagonjwa ni wengi. Naogopa wakimwona hana alama watampima upya na kumweka nyuma ya foleni, na pumzi zake hazina wiki za kungoja.

"Chora tu, Mama Nabwire," Wandera alininong'oneza. "Si wewe ni fundi? Nani atajua?"

Nilianza. Mama mkwe akiwa jikoni, nilichukua futi kamba na chaki ya kushonea, maana fundi hutangulia na chaki. Nikapima kutoka mfupa wa shingo, nikavuta mstari wa kwanza. Akavuta pumzi, mbavu zikapanda, mstari ukapanda nazo. Nikapima tena, nikapata tofauti ya nusu inchi. Mara ya tatu nikapata nyingine. Chini ya kidole changu moyo wake ulikuwa unagonga, karibu kabisa na chaki.

 Nimeharibu magauni mengi maishani mwangu, na kila mara nilinunua kitambaa kingine.

Nikaifuta chaki. Wandera akanitazama, akageukia ukutani. Chupa imerudi kabatini, haikufunguliwa.

Nitampeleka hivyohivyo, kifua kitupu, na nitamweleza daktari ukweli kwamba alioshwa. Kama ni foleni, nitalala mlangoni mwao. Sijui kama nimemwokoa au nimemcheleweshea tiba, na usiku huu hakuna wa kuniambia.

Mama mkwe hajala. Ameketi karibu na kitanda, amemshika mwanawe mguu juu ya blanketi.

Daktari akiuliza ni nani alimwosha, nitasema ni mke wake.