Cherono Alivyoitia Seva Yangu Breki

Alhamisi, Lanet. Baridi ya asubuhi imeniachia mafua, lakini moyo ni mwepesi.

Leo nataka kumsifu mtu, ingawa sifa zenyewe zitanianika.

Mimi ndiye niliyetengeneza tovuti ya ushirika wetu wa maziwa. Seva yake imo ndani ya kompyuta moja tu pale ofisini, hiyo hiyo inayoendesha mizani ya kupimia maziwa. Wiki jana nikaweka picha za mafahali wa kupandisha ng'ombe, picha kubwa kubwa, maana nilitaka zing'ae. Sikuwaza kwamba wafugaji wangezifungua wakiwa pale pale kwenye foleni na mitungi yao. Kila mkono simu, kila simu fahali. Seva ikabugia memori yote, mizani ikaganda.

Jana foleni ilisimama mpaka jua likawa kali. Maziwa ya Mathe Wambui, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, yalipofika mbele yalikuwa yameharibika. Yakakataliwa. Akaniuliza kuna shida gani, nikamwambia ni stima, eti umeme ulipotea.

Nilidanganya.

Dawa niliyoijua mimi ni kununua kompyuta kubwa. Cherono, karani wetu wa mapokezi aliyejifunza mambo ya seva kwa kusomasoma mwenyewe, alicheka. "Boss, hata ulete kubwa namna gani, itakula yote. Iwekee limit."

Nilinuna. Niliona tovuti inayomngojesha mtu ni aibu. Yeye akaketi, akaandika mistari michache: seva isichukue zaidi ya robo ya memori, ihudumie watu kumi kwa wakati mmoja, wengine wangoje. Mizani ikabakiziwa nafasi yake.

Leo asubuhi mafahali walifunguka polepole kwelikweli, na watu walinung'unika. Lakini mizani haikukwama hata mara moja. Nilisimama nikitazama maziwa yakimiminwa kwenye tangi la baridi, nikamwonea Cherono fahari, na wivu kidogo pia. Miaka yote hii mimi nimejua kuongeza tu. Kupima sikuwahi kufikiria.

Maziwa ya Mathe Wambui yalipokelewa. Akanifuata mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana kijana. Mungu akubariki kwa kuturekebishia stima."

Nikajibu, "Karibu, mathe."

Kesho nitamngoja getini kabla hajashusha mtungi, nimwambie ilikuwa seva yangu, na kwamba wa kushukuriwa ni Cherono. Nitaweza kweli?