Baba Mkwe Anapanda Tunachong'oa

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, naomba msaada kabla sijapasuka.

Mimi ni Nuwagaba wa Kaisho, nimesoma hadi darasa la nne nikaona panatosha, na ndiye kiongozi wa vijana wa kanisa tunaojitolea kila Jumamosi kung'oa lantana, vile vichaka vya maua mekundu na manjano vilivyoletwa kupamba bustani za wageni na sasa vimefunika bonde zima la kunyweshea ng'ombe, hata njia ya kufika majini hakuna, na kwa jembe hakuna anayenifikia, mwulize yeyote, ila usimwulize mwenzetu Mutalemwa, ana wivu. Basi tukishang'oa tunarundika njiani tunakwenda kula, na nyuma yetu anakuja mzee Kakuru na kamba zake, anafunga matawi, anakwenda kuyachomeka kuzungushia zizi la ndama, yanachipua, yanazaa, ndege wanakula matunda wanaturudishia mbegu bondeni, nasi tunaanza upya kama wajinga. Akinikuta ananipigapiga bega, "Kijana wangu, leteni zaidi, upande wa mashariki bado." Mutalemwa anasema, "Kiongozi, ama umwambie mkweo, ama tukalale." Na kweli ni mkwe, au karibu, maana namposa binti yake Kyarisiima na wazee wako katikati ya mazungumzo, na kwetu mposaji hamkosoi baba wa binti, hata akikalia mkeka unaowaka unamwuliza kama amestarehe.

Sasa ndama wake mmoja ametafuna ule ua, pua imechubuka, macho yamevimba, mzee anasema ni jua tu. Nikisema nakosa mke, nikinyamaza ndama anakufa na wenzangu wanaacha kazi. Nijibu, lakini usinihubirie, mahubiri napata Jumapili.

Nuwagaba, Kaisho, Karagwe

JIBU

Marahaba, Nuwagaba. Nitakuhubiria hivyo hivyo.

Ndama anaumwa, nawe unaandikia gazeti. Pole, mkwe kama huyo anachosha. Lakini nani anamwekea matawi njiani? Mzee ameona vijana wanamkatia ua bure, na kila akikupiga bega unatabasamu. Ulitaka ajue kwa njia gani?

Una mshenga, au posa ilikwenda kwa miguu yake? Usiende wewe. Mshenga ndiye mdomo wako kwa mkwe, basi mtume. Aanze kwa kumwambia mzee kwamba hakukosea, jua ndilo linalomchoma ndama, ila linamchoma kwa sababu ya majani ya lantana aliyokula, yana sumu inayofanya ngozi isivumilie jua. Mzee akisikia hilo atasikia na mengine. Ndama atolewe zizini, awekwe kivulini, apewe maji na majani mazuri, na bwana mifugo aitwe.

Jumamosi hii bonde lisubiri. Kateni minyaa, ile ya ua isiyoliwa na mifugo, mwangalie utomvu wake usiwaingie machoni, mkamjengee mzee ua mpya na kuung'oa ule wa zamani. Mposaji akifanya kazi kwa mkwe hajamkosoa mtu. Na vichaka mnavyong'oa vibaki kule kule bondeni mizizi juu, ndipo mwende kula, na vikikauka mvichome.

Mzee akikunyima binti baada ya hayo, itauma, sikufichi. Lakini ukimpata Kyarisiima kwa kunyamaza, utanyamaza kwa wakwe maisha yote, na wewe kunyamaza hukuweza hata katika barua. Weka gazeti chini, uende kwa mshenga.